Telefoto ya zamani kwenye kamera ya kidijitali: mambo ambayo kamera haiambiwi

Watu wengi wakipata lenzi ya zamani ya kuvuta mbali, ile ya chuma, nzito, ya kuzungusha fokasi kwa mkono, swali la kwanza ni je itaingia kwenye kamera yangu. Wakishapata adapta ikaingia wanaona kazi imeisha, afu picha ya kwanza inatoka imetikisika, ya pili fokasi iko nyuma ya mtu, ya tatu kamera inagoma kupiga kabisa na inaandika hamna lenzi. Basi lawama zote zinaenda kwenye vioo, eti vya zamani havina ukali. Mi naona kwenye telefoto vioo ndo sehemu yenye matatizo machache, shida karibu zote zinatoka mahali pamoja tu: kamera haijui imevalishwa nini.

Lenzi ya kisasa inawasiliana na kamera muda wote kupitia zile kontakti za umeme pale nyuma. Inaiambia mimi ni milimita 300, nimefunguka f/4 (namba ndogo ni tundu kubwa), nimefokasi mita kumi, na kamera inatumia hizo taarifa kwa vitu vingi sana ambavyo hata hatuvioni: kuchagua spidi ya shata, yani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, kutuliza mtikisiko, kufuta kasoro za rangi, kufungua na kufunga apecha, lile tundu la mwanga ndani ya lenzi, sekunde ileile unapobonyeza. Lenzi ya miaka ya sabini haisemi kitu. Mwanga unapita, basi, na kila kilichokuwa kinasemwa na umeme sasa inabidi ukiseme wewe kwenye menyu au ukifanye kwa mkono wako. Na kwa kuwa ni telefoto, kosa lolote dogo linakuzwa pamoja na picha, ndo maana mtu aliyezoea 50 mm ya zamani bila shida anashangaa akiweka 300 mm kila kitu kinamkataa.

Tuanze na kuingia kwenyewe, maana hapo napo pana mkanganyiko mkubwa. Kila mfumo wa kamera una umbali wake kutoka kwenye pete ya chuma inapokaa lenzi mpaka kwenye filamu au sensa. Nikon F iliyotoka 1959 ni milimita 46.5. M42, ile ya kuskrubu, ni 45.46, na Pentax K iliyokuja 1975 waliacha umbali uleule. Minolta za MC na MD ni 43.5, Canon FD ni 42. Sasa angalia kamera za mirolesi, zile ambazo hazina kioo cha kupanda na kushuka ndani: Sony E ni 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Fujifilm X ni 17.7. Yani lenzi yoyote ya kamera za zamani za kioo inahitaji kukaa mbali zaidi na sensa kuliko pete ya mirolesi ilipo, kwa hiyo adapta inakuwa bomba tupu la kujaza tofauti. Nikon F kwenda Sony E, 46.5 toa 18, unapata bomba la milimita 28.5, halina kioo ndani, haliharibu chochote kwenye ubora wa picha likiwa limechongwa vizuri.

Kwenye DSLR, yani kamera za kidijitali za kioo, mambo ni tofauti kwa sababu DSLR nayo ina kioo cha kupanda na kushuka na umbali wake ni mrefu karibu sawa na wa lenzi za zamani. Canon EF ni 44, kwa hiyo M42 na Nikon F na Pentax K zote zinakubali kwa adapta nyembamba, ya M42 inabaki na unene wa milimita moja na nusu tu hivi. Lakini Canon FD ya 42 kwenye Canon EF ya 44 haiwezekani kwa bomba, lenzi ishakuwa mbali mno milimita mbili kabla hata hujaweka adapta yenyewe. Ukiwa na mwili wa kamera wa Nikon F ndo ngumu kuliko zote, 46.5 ni ndefu kiasi kwamba karibu hamna mfumo mwingine wa kamera ndogo unaoingia bila adapta yenye kioo ndani. Na zile adapta zenye kioo za bei rahisi kwenye telefoto sishauri, zinaongeza urefu kidogo, zinakula mwanga na zinalainisha picha, sasa unakuwa umechukua lenzi nzuri ukaivalisha lenzi mbovu nyuma.

Ila kuna kitu hapa hakisemwi sana na kwa telefoto ni muhimu. Ukiambiwa fokasi ya lenzi iliyokaa mbali mno na sensa "haitafika mbali kabisa" swali linatakiwa liwe haitafika wapi. Kwa lenzi ya fokasi rahisi ya kusogea nzima nzima, ukiisogeza mbele kwa kiasi flani kuliko inavyotakiwa, umbali wa mwisho inaoweza kufokasi ni karibu urefu wa lenzi mara urefu wa lenzi, gawa kwa hicho kiasi. Lenzi ya 50 mm ikizidi milimita mbili inaishia mita moja na robo hivi, haina maana tena kwa matumizi ya kawaida. Lenzi ya 300 mm ikizidi milimita zilezile mbili inaishia karibu mita 45. Ya 500 mm inafika kama mita 125. Kwa mtu anayepiga ndege kwenye mti wa karibu au michezo ya upande mmoja wa uwanja, mita 45 zinamtosha kabisa, kwa mtu wa mwezi na milima hazimfai. Na telefoto nyingi ndefu zilitengenezwa zipitilize alama ya mbali kabisa kidogo, kwa sababu chuma na vioo vinatanuka na kusinyaa kwa joto, kwa hiyo akiba hiyo wakati mwingine inafidia sehemu ya upungufu.

Hiyo akiba ina upande wake wa pili. Usizungushe pete mpaka igote ukadhani ndo umefika mwezini. Ukigota umepitiliza, na kama adapta ni nyembamba kuliko ilivyotakiwa, na nyingi hutengenezwa hivyo makusudi ili kila lenzi ifike mbali, unakuwa umepitiliza zaidi. Namba za mita zilizochorwa kwenye lenzi zichukulie kama makadirio tu, macho yako kwenye skrini ndo kipimo.

Kabla sijatoka kwenye adapta, tahadhari moja kwa wale wa lenzi za kuskrubu. Kuna M42 ya kawaida ambayo hatua za nyuzi zake ni milimita 1, na kuna T-mount, ambayo Tamron waliileta 1957, nayo ni kipenyo cha 42 ila hatua ni 0.75 na umbali wake ni 55. Zile 400 na 500 mm ndefu nyembamba za f/6.3 au f/8, na lenzi nyingi za vioo vya kuakisi, ni T-mount. Ukizikutanisha hizi mbili zinaanza kushika raundi moja mbili afu zinakaza, na mtu akilazimisha nyuzi zinaliwa. Zikikaza mapema acha, tafuta pete ya T ya kamera yako, na uzuri wake ni kwamba kwa umbali wa 55 T-mount inaingia kwenye karibu kila kamera ya kioo, hata Nikon.

Haya, imeingia. Kitu cha kwanza nenda kwenye menyu tafuta mahali pa kuruhusu shata kupiga bila lenzi, kila kampuni inaliita kwa maneno yake lakini lipo karibu kwenye mirolesi zote. Kamera haioni kontakti, inaamini mdomo wake uko wazi, ndo maana inagoma.

Apecha inafuata. Kwenye kamera za filamu za zamani lenzi ilikuwa inakaa wazi kabisa ili uone vizuri, afu ukibonyeza kamera inasukuma kijiti au kipini na mapanga ya apecha yanajifunga mpaka namba uliyochagua. Sasa kamera yako haina cha kusukuma. Nikon na Pentax K zikitolewa kwenye kamera mapanga yanafunga yenyewe kufuata pete, hizo hazina shida. Canon FD mapanga hayafuati pete mpaka adapta ishike kile kijiti cha nyuma, ndo kazi ya ile pete ya pili kwenye adapta za FD, na watu wengi wanaolalamika apecha imekufa wamesahau kuizungusha tu. M42 angalia kama kuna swichi ya A na M, weka M, kama haina swichi hakikisha adapta ina ukingo wa ndani unaobonyeza kile kipini. Na kuna zile za priseti zenye pete mbili, moja unapanga namba, nyingine unafungua na kufunga bila milio: hizi enzi zake zilionekana za kizamani hata kwa wenzake lakini kwenye mirolesi ni raha tupu, unafungua kufokasi, unafunga kupiga, hutoi jicho kwenye kamera.

Mita ya mwanga yenyewe haina shida, kwa sababu kamera inapima mwanga uliofika kwenye sensa, haijali umepitia wapi. Weka hali ya kuchagua apecha, ile A au Av, kamera itatafuta spidi. Ila hapa pana mtego na ndo unaoharibu picha nyingi za mwanzo. Ukiwa na ISO ya otomatiki, yani kamera inajipangia yenyewe unyeti wa sensa kwa mwanga, kamera inaamua spidi ya chini kabisa kwa kuangalia urefu wa lenzi, na urefu haujui, kwa hiyo inaweza kukaa 1/60 kwa furaha kabisa wakati umeshika 300 mm. Ingia kwenye mipangilio ya ISO otomatiki uweke spidi ya chini mwenyewe. Kanuni ya zamani inasema moja chini ya urefu wa lenzi, yani 300 mm angalau 1/300, lakini hiyo ilitokana na filamu na picha za ukubwa wa kawaida. Kwa sensa ya megapikseli 45, ambapo kila pikseli ni karibu mikroni 4.4, mi naanzia mara mbili yake, 1/600 kwenda juu. Kwa sensa ndogo ya APS-C piga hesabu kwa 450 badala ya 300, kwa Micro Four Thirds, ambayo ni ndogo zaidi, kwa 600, kwa sababu picha inakuzwa zaidi kufika ukubwa uleule.

Na hapohapo niseme, lenzi haigeuki kuwa 450 mm. Inabaki 300, sensa ndogo inakata tu kipande cha katikati. Faida ni kwamba katikati ndo sehemu nzuri ya lenzi, kona dhaifu zinatupwa. Hasara ni kwamba pikseli zilizobanana zinaidai lenzi undani ambao filamu haikuwahi kuidai.

Sasa stabilaiza, ile ya kwenye sensa. Hii peke yake imezipa uhai mpya lenzi hizi kuliko kitu kingine chochote, lakini inataka kuambiwa urefu wa lenzi. Ukitingisha kamera kwa pembe ileile, picha ya lenzi ndefu inahama zaidi kwenye sensa, ni kama ufito mrefu: mkono ukicheza kidogo ncha inaenda mbali. Nusu digrii kwenye 50 mm ni kama milimita 0.44 kwenye sensa, kwenye 500 mm ni milimita 4.4. Kamera ikidhani una 50 wakati una 300 itarekebisha kidogo mno, na ukiidanganya upande wa pili, ukaacha 300 wakati umerudi kwenye 50, itarekebisha kupita kiasi na kuitikisa picha yenyewe. Andika urefu halisi ulioandikwa kwenye lenzi, sio ule uliozidishwa kwa ukubwa wa sensa, kamera inajua sensa yake. Ukiongeza konveta ya mara mbili, ile ya kioo inayokaa nyuma ya lenzi kuirefusha, zidisha mara mbili. Ukitumia adapta ya kupunguza, zile za kioo za mara 0.71 zinazoongeza stopu moja ya mwanga (yani mwanga mara mbili), zidisha kwa 0.71. Kama ni zumu ya zamani chagua urefu unaoutumia zaidi, au elekea kwenye upande mfupi wa namba zako, kurekebisha pungufu kuna nafuu kuliko kurekebisha kupita kiasi. Nikon Z, Sony, Panasonic, Olympus na Pentax zote zina mahali pa kuandika hii namba, Panasonic hata inakuuliza ukiwasha. Ipangie kitufe cha karibu kama una lenzi mbili tatu unazobadilisha.

Kuna ukomo pia. Sensa inaweza kusogea milimita chache tu, kwa hiyo kadri lenzi inavyorefuka ndo msaada unavyopungua, na kwenye 500 mm usitegemee zile stopu zilizoandikwa kwenye boksi. Lakini kinachonifurahisha mimi hata sio spidi ya shata, ni kwamba stabilaiza inatuliza picha unayoiona wakati unafokasi. Hapo ndo tofauti kubwa ilipo.

Tuje kwenye fokasi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo roho ya kazi nzima. Chukua 300 mm kwenye f/4, mtu amesimama mita kumi, sensa ya fulu fremu, ile yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35. Kwa kipimo cha kawaida cha ukali, sehemu inayoonekana safi kutoka mbele mpaka nyuma ni kama sentimita 27. Fungua f/2.8 inashuka kama 19. Na hicho kipimo ni cha zamani, cha picha iliyochapwa kwa ukubwa wa wastani. Ukiangalia faili la megapikseli nyingi kwa ukubwa wake wote, sehemu ambayo utakubali kwamba ni kali kweli ni nusu ya hapo au chini yake. Mtu akipumua na kuyumba kidogo ashatoka.

Msaada wa kwanza ambao kila mtu anaukimbilia ni pikingi, zile rangi nyekundu au njano zinazowaka kwenye kingo zilizo kwenye fokasi. Pikingi haipimi fokasi, inatafuta tu mahali penye utofauti mkali wa mwanga na giza, tena inatafuta kwenye picha ndogo iliyopunguzwa ya kwenye skrini, sio kwenye faili lenyewe. Kwa hiyo kope nyeusi kwenye ngozi nyeupe zinawaka hata zikiwa zimekosa fokasi kidogo, na manyoya ya kijivu ya ndege kwenye mwanga laini yanaweza yasiwake kabisa hata yakiwa kamili. Itumie kufika jirani. Weka kiwango cha chini, rangi ambayo haipo kwenye eneo unalopiga, na usiiamini kwa sentimita za mwisho.

Sentimita za mwisho ni za kukuza picha kwenye skrini, ile ya mara tano au mara kumi. Kukuza ndo kunakuonyesha pikseli zenyewe. Na hapa ndo stabilaiza inalipa, kwa sababu 300 mm iliyokuzwa mara kumi mkononi bila kutulizwa inaruka ruka hata huwezi kujua unaangalia nini, na ikitulizwa jicho la ndege linakaa. Angalia kwenye kamera yako kama stabilaiza inafanya kazi muda wote au mpaka ubonyeze shata nusu, kuna kamera za aina zote mbili, na kama ni ya kubonyeza nusu basi angalia kama kubonyeza huko hakukutoi kwenye ukuzaji, kwa baadhi inakutoa na inabidi ubadilishe kwenye menyu.

Namna ninayoiona nzuri kwa kitu kilichotulia ni hii: fungua apecha, kuza, zungusha pete mpaka ukali ufike kileleni, pitiliza kidogo mpaka uone unapungua, rudi. Kupitiliza na kurudi ndo kunakwambia kilele kiko wapi, ukisimama tu unapoona safi huwa bado hujafika. Afu funga stopu moja au mbili, piga. Ukifunga sana na kufokasi ukiwa umefunga hukohuko, skrini inajaza mwanga kwa nguvu, inakuwa na chenga, na kilele cha ukali kinakuwa kipana hukioni vizuri. Na pete za fokasi za lenzi hizi zinazunguka sana, nyingine zaidi ya nusu duara, zimetengenezwa kwa vidole na sio kwa mota, zina usahihi ambao pete laini za umeme za leo nyingi hazina.

Kwa kitu kinachotembea kukuza hakufai, unapoteza fremu. Hapo unarudi kwenye mbinu za wapiga picha wa michezo wa enzi hizo, unafokasi mahali ambapo kitu kitapita, mstari, tawi, kona ya barabara, unasubiri, na unaanza mfululizo wa picha kabla hakijafika pale badala ya kungoja ukione kiko safi, maana ukikiona kimeshapita. Vitu vinavyopita mbele yako kwa upande ni rahisi, umbali haubadiliki sana. Vinavyokujia moja kwa moja ni vigumu kweli na lazima ukubali picha nyingi za kutupa. Njia nyingine ni kuacha pete na kuyumba mwili kidogo mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo, kwa mita chache inafanya kazi vizuri kuliko inavyosikika.

Kuna adapta za otofokasi za mirolesi ambazo zinasogeza lenzi nzima mbele na nyuma kwa mota, na watu wanauliza kama ni suluhisho. Kwa lenzi fupi ni nzuri sana. Kwa telefoto piga hesabu: ili 300 mm ifokasi kutoka mbali kabisa mpaka mita kumi inabidi isogee karibu milimita 9.3, na mota za hizi adapta zinasogea milimita chache tu, juu ya hapo lenzi yenyewe ni nzito kuliko zinavyopenda kubeba. Unaweza kuiweka pete jirani na unapotaka afu mota imalizie, ila sio otofokasi ya kufukuza ndege.

Walio kwenye DSLR wana shida yao, kioo cha kuchungulia cha DSLR za kisasa kimetengenezwa kiwe angavu, hakionyeshi vizuri fokasi iko wapi kwa lenzi zilizofunguka sana, unaona safi wakati sio. Tumia skrini ya nyuma na ukuze, au ile nukta ya kijani ya kuthibitisha fokasi kwenye kamera zinazoiwasha na lenzi za mkono. Na wenye Nikon waangalie sana lenzi za kabla ya 1977, zile ambazo hazijawa AI (mfumo wa pete ya apecha kuiambia kamera namba yake), kwenye baadhi ya miili ya kidijitali pete ya apecha inaweza kugonga na kuvunja kile kimeno cha mita ya mwanga pembeni ya mdomo wa kamera.

Vioo sasa. Nilisema telefoto vioo vyake vina matatizo machache, sababu ni kwamba mwanga unaotoka nyuma ya lenzi ndefu unafika kwenye sensa karibu umenyooka, wakati wa lenzi pana za zamani unafika umeinama sana kwenye kona na ule mfuniko wa kioo ulio juu ya sensa unauvuruga. Kwa hiyo telefoto za zamani zinahamia kwenye dijitali vizuri. Tatizo lao la kweli ni rangi. Kioo cha kawaida hakikusanyi rangi zote mahali pamoja, na kadri lenzi inavyorefuka na kufunguka ndo rangi zinavyoachana, unapata michirizi ya zambarau kwenye matawi yaliyoko mbele ya anga nyeupe, na uzambarau mbele ya fokasi na ukijani nyuma yake. Dawa ilijulikana zamani, Canon walitoa 300 mm f/5.6 ya kioo cha floriti 1969, na Nikon nao wakaingia na vioo vyao vya ED, vinavyotawanya rangi kidogo, ila lenzi hizo zilikuwa za gharama na nyingi za kawaida hazina. Kufunga stopu moja mbili kunapunguza sana ile ya mbele na nyuma, ile michirizi ya rangi ya kwenye kona za picha haiathiriki na apecha lakini programu za kuhariri zinaifuta kwa mbofyo mmoja. Zambarau ya kwenye matawi ondoa kwa mkono, taratibu, usije ukafuta na rangi ya ua.

Lenzi za vioo vya kuakisi, zile fupi nene za 500 mm f/8, hizo tatizo la rangi karibu hazina, kwa sababu kioo cha kuakisi kinarudisha rangi zote sawasawa. Lakini hazina apecha, ni f/8 asubuhi mpaka jioni, kile kioo kidogo cha mbele kinaziba sehemu ya mwanga kwa hiyo hata hiyo f/8 ni giza kidogo kuliko inavyoandikwa, na nyuma ya fokasi taa na majani yanakuwa pete pete zenye tundu. Wengine wanazipenda hizo pete, mi nadhani zinafaa zaidi pale nyuma panapokuwa anga tupu au maji yaliyotulia. Utofauti wake wa mwanga na giza ni mdogo, faili linaonekana limefifia, ukiivuta kidogo kwenye kuhariri inarudi.

Kufifia kunatokea hata kwa lenzi za kawaida, na mara nyingi mkosaji ni adapta. Ndani ya bomba kukiwa na chuma kinachong'aa, mwanga wa pembeni unadunda unaingia kwenye sensa, na sensa yenyewe ni kioo kinachorudisha mwanga kwenye lenzi kuliko filamu ilivyokuwa. Tazama ndani ya adapta kwa tochi, ukiona mng'ao bandika kitambaa cheusi cha velveti cha kujishika au paka rangi nyeusi isiyong'aa. Na weka kofia ya lenzi siku zote, nyingi za hizi telefoto zina kofia ya kuvuta iliyojengwa hukohuko, ivute tu.

Uzito nao. Lenzi ikiwa na pete yake ya kufungia tripodi, funga tripodi kwenye lenzi na sio kwenye kamera, 300 mm f/2.8 inazidi kilo mbili na ukiining'iniza kwenye mdomo wa kamera ndogo kupitia adapta yenye skrubu nne ndogo, kitu kitalegea. Ukitembea shika lenzi, kamera ifuate. Juu ya tripodi tumia shata ya mbele ya kielektroniki, inayoanza picha bila kusogeza pazia la chuma, na kuchelewesha sekunde mbili, mdundo wa shata ya chuma kwenye spidi za kati, 1/60 hivi mpaka 1/200, unaonekana kabisa kwenye lenzi ndefu.

Wakati wa kununua washa tochi kupitia nyuma, angalia fangasi za utando wa buibui, ukungu wa mafuta kwenye vioo vya ndani, na mafuta kwenye mapanga ya apecha. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haina madhara unayoweza kuona, ukungu ndo unaoua picha.

Na hata ukifanya yote haya sawa kuna siku picha za mbali zitatoka laini tu, na hapo kabla ya kurudi kuilaumu adapta angalia hewa. Jua likishapanda ardhi inapumua joto na kila kilicho mbali kinacheza, lenzi mpya ya gharama kubwa inaona mchezo uleule. Piga mapema, au mkaribie unayempiga, kupunguza hewa iliyo katikati kunasaidia kuliko kuongeza milimita.

Mwisho kuna taarifa za faili. Kamera itaandika apecha sifuri au mistari miwili, na kwenye baadhi ya kamera urefu ule uliouandikia stabilaiza, kwa hiyo hapo ukisahau kuubadilisha picha za mwezi wa 500 mm zitakaa kwenye maktaba yako zikisema 50. Kwa mtu mwenye lenzi kadhaa hii inakuja kusumbua pale anapotaka kujua ipi ilikuwa kali kwenye f/5.6. Piga picha moja ya namba ya apecha kwa simu kila unapobadilisha, au isome kwa sauti kwenye video fupi, afu ukifika kwenye kompyuta programu kama ExifTool inakuandikia jina la lenzi na apecha kwenye mafaili yote ya kundi lile kwa mara moja.